Orodha za nyimbo zinazofika tupu kwenye kicheza muziki cha mtandao

Swali: Nina orodha za nyimbo zipatazo arobaini nilizozitengeneza kwenye kompyuta ya Windows, nyingine kwa iTunes, nyingine kwa Windows Media Player. Muziki wote nimeuhamishia kwenye diski ya mtandao, NAS, na kicheza muziki cha sebuleni kinauona vizuri: albamu zipo na zinapiga. Ila orodha nilizozinakili huko zinanishangaza. Nyingine hazionekani kabisa, nyingine zinaonekana lakini ni tupu, na moja inapiga nyimbo 31 kati ya 58. Nizigeuze ziwe faili za aina gani?

Jibu: Zigeuze ziwe M3U (orodha ya matini ya kawaida), ziandikwe kwa UTF-8 (usimbaji, yaani namna ya kuandika herufi kwa baiti), na kila mstari uanzie ndani ya folda ya muziki, usianzie kwenye herufi ya diski. Lakini ukigeuza aina ya faili peke yake utaishia na M3U arobaini zilizo tupu. Orodha ya nyimbo haina muziki ndani yake, ina anwani tu. Anwani zako ziliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekaa ndani ya kompyuta yako, na sasa msomaji amehama.

Fungua orodha moja ya M3U kwa Notepad uone. Kuna mistari inayoanza na alama ya #, ambayo ni maelezo tu: #EXTM3U ya juu, kisha #EXTINF yenye urefu wa wimbo kwa sekunde na jina lake. Chini ya kila EXTINF kuna mstari mmoja wenye uzito wote:

```
C:\Users\jina\Music\Msanii\Albamu\03 Wimbo.mp3
```

NAS nyingi zinaendeshwa kwa Linux. Huko hakuna C:, hakuna folda ya Users, na folda hutenganishwa kwa mkwaju wa mbele (/), si wa nyuma (\). Wimbo huohuo huko unaweza kuwa /volume1/music/Msanii/Albamu/03 Wimbo.mp3. Faili ni ileile, lakini kwa anwani ya zamani haitapatikana.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize ni nani anayesoma orodha, maana watu wengi hudhani ni kicheza cha sebuleni. Kwenye mfumo wa UPnP au DLNA, yaani kanuni za kugawa muziki na video kati ya vifaa vya nyumbani, kicheza hakioni faili kabisa. Seva, yaani programu ya kugawa muziki iliyo kwenye NAS, ndiyo inayosoma orodha, inatafuta nyimbo kwenye hifadhidata yake, kisha inakipa kicheza kiungo cha http kwa kila wimbo. Kwa hiyo njia, yaani anwani ya faili, iliyo ndani ya orodha lazima iwe sahihi machoni pa seva. Kicheza kinachofungua folda ya NAS chenyewe kupitia SMB, mfumo wa Windows wa kushirikisha folda kwenye mtandao, au kinachosoma diski ya USB iliyochomekwa nyuma yake, hakina seva katikati, hivyo njia lazima iwe sahihi machoni pake. Hali ya tatu ni programu ya simu inayokiongoza kicheza: baadhi yake hutunza orodha zake zenyewe, na M3U zako hazizihusu hata kidogo.

Hapo ndipo unapoona faida ya njia tegemezi, yaani ile inayohesabiwa kutoka mahali orodha yenyewe ilipo. Ukiweka orodha kwenye mzizi (ngazi ya juu kabisa) wa folda ya muziki na mstari ukasomeka `Msanii/Albamu/03 Wimbo.mp3`, basi seva, kicheza cha SMB na hata kompyuta yako wote wataufikia wimbo huo, kila mmoja kwa mlango wake.

Sasa dalili zako tatu.

Orodha zisizoonekana kabisa karibu bila shaka ni zile za Windows Media Player. Faili zake ni WPL, aina ya XML ya Microsoft, na seva nyingi huzipita kama hazipo. Sababu nyingine ni kuwa zimewekwa kwenye folda ambayo seva haikuambiwa iipekue.

Zilizo tupu zina njia kamili zenye C:\ ndani yake. Seva imesoma faili, imejaribu kila anwani, haikupata hata moja.

Ile ya 31 kati ya 58 ndiyo yenye mafunzo mengi. Njia zake kwa jumla ni sahihi, la sivyo isingepiga hata wimbo mmoja. Zilizopotea 27 zimeangushwa na herufi, na herufi huangusha kwa namna kadhaa.

Kwanza ni herufi kubwa na ndogo. Windows haijali: `Albamu` na `albamu` kwake ni kitu kimoja. Kwa Linux hizo ni folda mbili tofauti. Orodha iliyoandika jina lilivyokuwa miaka mitano iliyopita, kabla hujarekebisha herufi ya mwanzo, iliendelea kufanya kazi kwenye kompyuta na inakufa kwenye NAS.

Pili ni herufi zenye alama, kama é, ñ au ö kwenye majina ya wasanii. M3U ya zamani haina mahali pa kutaja usimbaji wake. Programu za Windows ziliiandika kwa usimbaji wa mfumo, mara nyingi Windows-1252, ambamo é ni baiti moja, E9. Kwa UTF-8 é ni baiti mbili, C3 A9. Seva inayotarajia UTF-8 ikikutana na E9 peke yake haiwezi kuisoma, na wimbo unaachwa. Kinyume chake nacho kipo: UTF-8 ikisomwa kama Windows-1252, é hugeuka kuwa Ã©. Ukiona takataka za namna hiyo kwenye skrini ya kicheza, umeshajua kosa liko wapi.

Kuna tatizo lililofichika zaidi, ambalo huwasumbua wenye muziki uliowahi kupitia Mac. UTF-8 ina njia mbili halali za kuandika é: kama herufi moja iliyokamilika (C3 A9), au kama e ya kawaida ikifuatwa na alama ya juu inayojitegemea (65 CC 81). Ya kwanza huitwa NFC, ya pili NFD. Mfumo wa faili wa HFS+ wa Mac ulikuwa ukihifadhi majina kwa namna ya pili. Machoni pako maneno hayo mawili yanafanana kabisa, lakini Linux hulinganisha baiti, na baiti hazifanani. Unaweza kukodolea macho mstari huo saa nzima usione kosa.

Tatu, alama maalumu. Ndani ya WPL, & huandikwa `&amp;` na ' huandikwa `&apos;`, kwa hiyo anayeinyofoa njia kutoka humo kwa kunakili na kubandika hubeba na hizo. Ndani ya faili ya XML ya iTunes na ndani ya XSPF, aina nyingine ya faili ya orodha, nafasi huwa %20 na é huwa %C3%A9. Na kwenye M3U kuna mtego mdogo wa kuchekesha: folda au wimbo ambao jina lake linaanza na # huhesabiwa kuwa maelezo na kurukwa. Dawa yake ni kuandika `./` mbele ya jina.

Nne, kiendelezi kimebadilika. Ulikuwa na MP3, baadaye ukainakili CD upya kwa FLAC ukafuta za zamani. Orodha bado inaitafuta .mp3.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tengeneza nakala ya orodha zote kwenye folda moja ya pembeni, na zile za asili usiziguse.

Kwenye iTunes chagua orodha, kisha File, Library, Export Playlist, na kwenye aina ya faili chagua M3U8 ikiwa ipo, kwa sababu hiyo huandikwa kwa UTF-8 na hakuna herufi inayopotea. Ukichagua M3U ya kawaida, herufi zisizo kwenye usimbaji wa mfumo huweza kupotea, na kilichopotea hapo hakuna skripti itakayokirudisha. Mtu mwenye orodha mia hatapenda kuzitoa moja moja. Huyo aitoe maktaba nzima kama XML na kuisoma kwa moduli ya plistlib ya lugha ya programu ya Python, akikumbuka kufungua %20 na wenzake kwa `unquote`, si `unquote_plus`, kwa sababu hiyo ya pili hugeuza kila alama ya + iliyo kwenye jina la wimbo kuwa nafasi. Kwa orodha ishirini hivi, kutoa kwa mkono ni haraka zaidi.

WPL hazihitaji programu yoyote. Ni matini, na skripti hii inazisoma moja kwa moja. Inataka Python 3 tu. Inapekua folda ya muziki, inakumbuka jina halisi la kila faili, kisha inalinganisha kila mstari wa orodha bila kujali ukubwa wa herufi wala NFC na NFD, na inaandika jina kama lilivyo kwenye diski.

```
import os, re, html, unicodedata

MUZIKI  = "Z:/"               # folda ya muziki ya NAS
CHANZO  = "C:/orodha/zamani"
MATOKEO = "C:/orodha/mpya"
ZAMANI  = ["C:/Users/jina/Music/iTunes/iTunes Media/Music/",
           "C:/Users/jina/Music/"]
KIAMBISHI = ""

def ufunguo(s):
    return unicodedata.normalize("NFC", s).casefold()

def soma(faili):
    data = open(faili, "rb").read()
    try:
        matini = data.decode("utf-8-sig")
    except UnicodeDecodeError:
        matini = data.decode("cp1252", "replace")
    if faili.lower().endswith(".wpl"):
        return [html.unescape(s) for s in
                re.findall(r'<media src="([^"]*)"', matini)]
    return matini.splitlines()

ramani = {}
for folda, _, majina in os.walk(MUZIKI):
    for jina in majina:
        njia = os.path.relpath(os.path.join(folda, jina), MUZIKI)
        njia = njia.replace(os.sep, "/")
        ramani[ufunguo(njia)] = njia

os.makedirs(MATOKEO, exist_ok=True)
for orodha in os.listdir(CHANZO):
    if not orodha.lower().endswith((".m3u", ".m3u8", ".wpl")):
        continue
    mistari, kosa = [], []
    for m in soma(os.path.join(CHANZO, orodha)):
        m = m.strip()
        if not m or m.startswith("#"):
            continue
        if m.startswith("http"):
            mistari.append(m)
            continue
        n = m.replace("\\", "/")
        for z in ZAMANI:
            if n.lower().startswith(z.lower()):
                n = n[len(z):]
                break
        while n.startswith("../"):
            n = n[3:]
        halisi = ramani.get(ufunguo(n))
        if halisi:
            mistari.append(KIAMBISHI + halisi)
        else:
            kosa.append(m)
    jipya = os.path.splitext(orodha)[0] + ".m3u"
    with open(os.path.join(MATOKEO, jipya), "w",
              encoding="utf-8", newline="\n") as f:
        f.write("#EXTM3U\n" + "\n".join(mistari) + "\n")
    print(orodha, len(mistari), "zimepatikana,", len(kosa), "hazipo")
    for k in kosa:
        print("   ", k)
```

Rekebisha mistari ya juu tu. `MUZIKI` ni folda ya muziki ya NAS jinsi kompyuta inavyoiona. Hapa imepewa herufi Z:. `ZAMANI` ni mizizi ya zamani, na mrefu lazima utangulie mfupi, la sivyo mfupi utakatwa kwanza na kuacha "iTunes/iTunes Media/Music/" imening'inia mbele ya jina la msanii. Kama una WPL na M3U zenye jina moja, badilisha jina la mojawapo kwanza, kwa sababu zote mbili zitaandikwa juu ya faili ileile.

EXTINF zinatupwa kwa makusudi. Seva ya nyumbani husoma jina la wimbo kutoka kwenye lebo zilizo ndani ya wimbo wenyewe. Pale maelezo hayo yanapohitajika ni kwenye redio za intaneti, ambazo hazina faili ya kusomwa; orodha za aina hiyo ziache kama zilivyo.

Kinachochapishwa mwishoni ndicho cha kusoma kwa makini kuliko faili zenyewe. Kama karibu kila wimbo "haupo", umekosea `ZAMANI`. Kama zinazokosekana ni chache, ziangalie moja moja: utakuta kiendelezi kilichobadilika, folda iliyopewa jina jipya, au wimbo usiowahi kunakiliwa. Kwa viendelezi, ongeza `s = os.path.splitext(s)[0]` kama mstari wa kwanza ndani ya `ufunguo`, na ulinganisho utafanyika bila .mp3 wala .flac. Usifanye hivyo kama una matoleo yote mawili kwenye folda moja, kwani litachukuliwa lililopekuliwa mwisho.

Angalizo moja kuhusu Z:. Linux inaruhusu jina la faili kuwa na : au ?, Windows hairuhusu. Samba, programu inayoionyesha Windows folda za NAS, ikikutana na jina la namna hiyo huipa Windows jina bandia fupi lenye alama ya ~, na jina hilo likiingia kwenye orodha, seva haitalijua. Ukiona ~ kwenye matokeo, ama badilisha jina la faili kwenye NAS, ama endesha skripti ndani ya NAS yenyewe kama ina Python. Huko `MUZIKI` itakuwa kitu kama /volume1/music.

Nimezipa faili mpya kiendelezi cha .m3u ingawa ndani ni UTF-8. Kwa kanuni .m3u8 ndilo jina sahihi. Ila vicheza vya zamani havionyeshi .m3u8, na vingine huidhania kuwa mkondo wa HLS, mfumo wa Apple wa kurusha video na sauti unaotumia kiendelezi hichohicho. Ukiona .m3u inaleta herufi mbovu kwenye seva yako, hapo ndipo ujaribu .m3u8.

Ukitaka kuhariri orodha kwa mkono baadaye, kuwa mwangalifu na kihariri. Notepad ya kabla ya Windows 10 toleo la 1903, ukichagua UTF-8, huweka baiti tatu zisizoonekana, EF BB BF, mwanzoni mwa faili. Zinaungana na mstari wa kwanza, na kama mstari huo ni wimbo, wimbo wa kwanza unapotea kila siku bila sababu inayoeleweka. PowerShell 5.1 ni mbaya zaidi: alama ya > huandika UTF-16, ambayo seva nyingi hazitaambulia kitu humo. Nayo `dir /b /s > orodha.m3u` kwenye dirisha la amri la Windows hutumia usimbaji wa enzi za DOS, ambamo é ni baiti 82. Ile hila inapendwa sana, lakini inafaa tu kwa majina yasiyo na alama.

Mahali pa kuziweka hutegemea seva. Kwa MiniDLNA, inayoitwa pia ReadyMedia, ziweke kwenye mzizi wa folda iliyotajwa kwa `media_dir` ndani ya minidlna.conf. Simamisha huduma, iwashe kwa `minidlnad -R` ijenge hifadhidata upya, na uipe muda imalize. Kwa MPD ziweke kwenye `playlist_directory`. Mistari huhesabiwa kutoka `music_directory`, kwa hiyo faili zilezile zinafaa bila kubadilisha neno. Kisha `mpc update`, na `mpc lsplaylists` uone kama zimeingia. Lyrion Music Server, ile iliyokuwa Logitech Media Server, ina folda ya orodha inayowekwa kwenye mipangilio. Ikiwa folda hiyo iko nje ya muziki, tumia njia kamili: weka `KIAMBISHI = "/volume1/music/"` na uendeshe skripti upya.

Njia kamili ina mtego wake pale seva inapoendeshwa ndani ya kontena la Docker, yaani boksi lililotengwa lenye folda zake. Ndani ya kontena folda ya muziki inaweza kuwa `/music` tu, hata kama kwenye NAS ni /volume1/music. Kinachotakiwa kwenye `KIAMBISHI` ni ile ya ndani ya kontena.

Usipeleke arobaini zote mara moja. Anza na orodha ya majaribio yenye nyimbo tatu: mmoja wenye jina jepesi, mmoja wenye nafasi na é, mmoja wenye ' au &. Zote tatu zikipiga, peleka zilizobaki. Ikipiga wa kwanza peke yake, tatizo ni usimbaji. Isipopiga hata mmoja, tatizo ni njia. Na ikiwa orodha yenyewe haionekani, tatizo ni folda, kiendelezi, au seva haijapekua upya. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: seva ikiisoma orodha kabla haijazisajili nyimbo zake, huihifadhi ikiwa tupu na hairudii mpaka uilazimishe.

Kuna nyimbo ambazo hakuna ugeuzaji utakaoziokoa. Faili za .m4p ulizonunua iTunes kabla ya duka hilo kuondoa kufuli za muziki mwaka 2009, pamoja na zile zilizopakuliwa kupitia usajili wa Apple Music, zimefungwa, na seva ikizituma kicheza kitazikataa hata njia ikiwa sahihi kabisa. Zitafute kwa kiendelezi chake ndani ya orodha mpya na uzitoe. Orodha za Spotify nazo hazina faili nyuma yake, ni namba za nyimbo zilizo kwenye seva zao. Hizo zipige kupitia huduma hiyo ndani ya kicheza, kama kinaiunga mkono.